Kahawa Tuliyotafuna na Diwani

Wifi yangu Kokwijuka ana mwandiko mzuri kuliko walimu wote walionifundisha, na kalamu yake ndiyo iliyotuponza. Nasema bila kumung'unya maneno. Akisikia atanuna siku mbili, ya tatu atakuja kuniomba chumvi kama kawaida. Tumeishi hivyo miaka thelathini na zaidi.

Yeye ni mke wa kaka yangu Benjamin. Alitoka Kibingo, huko Kyerwa, akaolewa huku kwetu Karagwe akiwa msichana mwembamba aliyemaliza darasa la saba. Mimi nilipomkimbia mume wangu nikarudi kwa baba, nilimkuta ameshaishika nyumba. Basi nikamfanyia uwifi wote unaoujua wewe. Nilimwambia ndizi zake zina maji mengi, nilimwambia anafagia kama anafukuza kuku. Aliendelea kufagia tu. Siku moja akaja na jembe akaniambia, "Wifi Vero, mdomo wako una nguvu sana, hebu leo tuione na mikono." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile vibanja vyetu vimepakana, migomba yangu inaangukia kwake na yake kwangu, na hakuna aliyewahi kuweka senyenge.

Kata yetu siitaji jina, sitaki maneno na watu. Hatuko mbali na Igurwa. Ukifika kule ukauliza wale wenye zahanati ya mbuzi, utaonyeshwa njia kwa kidole na kicheko.

Kokwijuka amekuwa katibu wa tawi la chama kwa miaka kumi na tisa. Mwenyekiti ni Mzee Sostenes, lakini Sostenes kazi yake ni kufungua kikao na kusinzia. Anayeita watu, anayegawa kadi, anayepita nyumba kwa nyumba na viatu vya mpira ni wifi yangu. Na anaandika. Ana daftari kubwa la jalada gumu, analifunga kwenye mfuko wa nailoni ili mvua isiliguse, na ndani yake kuna kila kitu kilichowahi kusemwa kijijini. Nani amechelewa, nani amekuja amelewa rubisi, nani ameomba udhuru kwa sababu ng'ombe wake anazaa. Mimi mwenyewe nimo, mwaka fulani: "Vero alipiga kelele, akaombwa aketi." Wee, na nilikuwa na haki ya kupiga kelele!

"Chama ni sisi wa chini," alikuwa anapenda kusema. Nilimtania sana kwa hilo. Nikimkuta ameinama anapalilia kahawa, namsalimia, "Shikamoo Chama!" Naye ananijibu bila kuinuka, "Marahaba, lipa ada." Alikuwa anaamini. Sijui nikuelezeje alivyoamini.

Sasa nikuambie hii zahanati ilianzaje, maana bila hilo utamwona mwanamke mjinga tu aliyependa vikao.

Kwetu ukiugua unateremka hadi bondeni, unavuka yale mafunjo, halafu unapanda upande wa pili kilomita kumi na nne mpaka kituo cha afya. Kiangazi ni bodaboda. Masika ni Mungu. Miaka saba iliyopita, mwezi wa Aprili, uchungu ulimshika Asiimwe, binti wa kwanza wa Kokwijuka, saa nne asubuhi. Tulimpandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, Asiimwe katikati, mama yake nyuma amemkumbatia. Walipofika bondeni tairi zikazama kwenye tope mpaka katikati. Wakamshusha, wakamlaza kwenye majani. Dereva akaja mbio kutuita, sisi tukachukua machela tukateremka tunakimbia. Tulipofika ilikuwa saa saba, jua limetoka, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Asiimwe alikuwa ameshakufa na mtoto wake tumboni. Kokwijuka bado amemshika. Nikamwambia, "Mwachie, wifi, tumbebe." Akaniangalia akaniambia, "Mimi nilimwambia tutafika."

Msibani hakulia. Watu walisema ana moyo mgumu, nami nikawatukana, nikaombwa niketi. Matanga yalipoanuliwa, kesho yake asubuhi nilimwona anatoka kwake amejifunga kanga mbili na daftari kwapani. Alianza na nyumba ya Sostenes akamaliza na yangu. Hakuomba hela, maana alijua hatuna. Aliomba tofali. Kila nyumba ifyatue tofali zake na kuzichoma, na kila nyumba iweke alama yake kwenye udongo kabla haujakauka, ili mtu akipita aseme zile pale ni zangu. Sostenes aliweka dole gumba. Mimi niliweka jani la mharagwe. Kokwijuka hakuweka kitu, tofali zake ni zile zilizo laini tupu.

Zilipanda zile kuta! Wanaume walijenga Jumamosi, wanawake tukabeba maji na mchanga, mpaka boma likafika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Halmashauri walikuwa wamesema, nyinyi wananchi fikisheni boma kwenye lenta, sisi tutaezeka. Tukafikisha. Tukakaa tukisubiri paa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbuzi wakagundua kwamba ndani kuna kivuli. Kwenye chumba tulichosema kitakuwa cha kuzalia ukaota mgomba, wenyewe tu, na kwa ukaidi wake ukazaa mkungu mzuri. Hakuna aliyethubutu kuukata.

Basi ukaja mwaka wa uchaguzi. Kutoka wilayani chama kikaagiza: matawi yakusanye maoni ya wanachama, kila mtia nia wa udiwani apite aulizwe, na vipaumbele vya matawi ndivyo vitakavyobebwa na mgombea mpaka halmashauri. Nilikuwepo Kokwijuka alipousoma ule waraka. Aliusoma mara mbili, kisha akautandaza mezani akaupapasa kama kitambaa cha sikukuu. "Umesikia, wifi? Vipaumbele vya matawi." Nikamwambia nimesikia, nimesikia tangu nikiwa na meno yote. Akasema, "Safari hii kura ziko kwetu." Na hapo alikuwa sahihi. Tawi letu lilikuwa na wanachama wengi kuliko matawi mawili mengine yakiunganishwa, kwa sababu yeye aliwaandikisha mmoja mmoja kwa ule mpira wake wa miguuni. Tawi letu likimtaka mtu, kura za maoni zimekwisha.

Alifanya jambo la akili sana. Alichukua karatasi safi, akaandika kwa ule mwandiko wake: "Mimi mtia nia, nikichaguliwa, jambo la kwanza nitakalolisimamia katika bajeti ya mwaka wa kwanza ni kuezeka zahanati." Chini akaacha mstari wa jina na mstari wa sahihi. Akanakili karatasi tatu, kwa kuwa watia nia walikuwa watatu.

Wa kwanza, afisa mstaafu mwenye kikohozi, aliitia sahihi hata hajaketi. Wa pili, kijana mmoja mwenye maneno mengi ya mjini, aliisoma, akauliza maswali mawili, akatia sahihi na tarehe. Zile karatasi mbili wifi yangu anazo mpaka leo, kwenye kopo la biskuti. Nitarudi kwenye hilo kopo.

Wa tatu ni Clavery. Huyu ni mtu wetu hasa, mtoto wa kijiji cha pili, mnunuzi wa kahawa, ana pikapu nyeupe na sauti ya kubembeleza. Kinyambo anakiongea kama bibi yake. Alikuja Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Kokwijuka, kamati nzima ya tawi imekaa sebuleni, watu saba, na mimi nipo jikoni nasaidia kumenya ndizi, sikio langu liko mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Wakaongea hili na lile. Kisha Kokwijuka akamsogezea karatasi na kalamu, akamweleza. Clavery aliisoma yote. Halafu akaikunja vizuri, bila haraka, akairudisha mezani.

"Mama," akasema, "karatasi ni za watu wasiojuana. Wale wageni umewapa karatasi, umefanya vizuri. Lakini mimi? Mimi nimekua nikiiba maembe ya mzee Sostenes. Hebu lete kahawa."

Sasa wewe usiye wa kwetu labda hujui. Huku kahawa siyo ya kunywa peke yake. Tunaichuma mbichi, tunaichemsha na majani yake ya harufu, tunaianika, na kila nyumba ina kikapu kidogo cha hizo buni za kutafuna, akamwani. Mgeni akija, kabla ya maji, kabla ya habari, unamsogezea kikapu. Hiyo ni heshima ya kila siku. Lakini kuna ile ya pili, ya wazee. Mnaipasua buni moja. Ndani ya ganda mna punje mbili, zimelala zimeelekeana. Moja unatafuna wewe, moja anatafuna mwenzio, na neno mlilolisema juu yake limefungwa. Mtu akilivunja, tumbo linamvimba mpaka anakufa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Na ukishatafuna na mtu namna hiyo, kumwambia tena atie sahihi ni sawa na kumtemea mate usoni.

Nilimwona Kokwijuka akisita. Nakuapia, niliona, nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu mkononi. Aliiangalia ile karatasi, akamwangalia Clavery, akaiangalia tena karatasi. Lakini Sostenes alikuwa ameshaamka usingizini anapiga makofi, "Huyu ndiye mtu! Huyu ndiye mtoto!" Na wajumbe wote wamechangamka. Basi akaenda kuleta kikapu. Clavery alichagua buni mwenyewe, akaipasua kwa kucha, akampa wifi yangu punje moja, akasema kwa Kinyambo, kila mtu anasikia, kwamba paa la zahanati ndilo jambo lake la kwanza na asipolifanya, kahawa hii imjue. Wakatafuna.

Na mimi, nisijitoe, nilipiga vigelegele. Vya nguvu. Kuku walikimbia.

Baadaye, Clavery alipoondoka, Kokwijuka alikaa na daftari lake aandike muhtasari wa kikao. Nilimwona anashika kalamu, anaiweka, anaishika. Nikamuuliza kulikoni, mbona leo mwandishi kashikwa na kigugumizi. Akasema, "Wifi, kiapo hakiandikwi. Nikikiandika nitakuwa namwambia simwamini." Nikamwambia, basi usikiandike. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, mimi Vero. Akaandika anachoona ni cha adabu, akafunga daftari.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Tawi letu lilimwaga kura zote kwa Clavery. Jina lake likaenda juu, likarudi salama, na sisi tukafurahi, maana tumeshazoea majina tunayoyapenda kukatwa huko juu. Wakati wa kampeni Kokwijuka alitembea mpaka kisigino kikapasuka. Kila nyumba alisema neno moja, "Huyu tumetafuna naye." Hakuhitaji kusema la pili. Clavery akawa Mheshimiwa Diwani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kikaitishwa kikao cha kata cha kupitia vipaumbele kabla ya bajeti. Ofisi ya kata ina ukumbi mdogo, watu tulijaa mpaka madirishani. Mbele alikaa Clavery, ndiye mwenyekiti, na kando yake afisa kutoka wilayani, kijana mwenye kompyuta mpakato, mtu wa mikoa ya huko mbali, mstaarabu tu, sina ugomvi naye. Akasoma orodha. Cha kwanza, ukarabati wa barabara ya kwenda kwenye ghala la kahawa. Cha pili, choo cha ofisi ya kata. Cha tatu, sikumbuki. Zahanati haikuwemo. Nilihesabu kwa vidole nikidhani nimepitiwa.

Na lile ghala, kwa taarifa yako, analitumia nani? Usiniulize, nitatukana.

Kokwijuka alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, cha jumuiya ya Kilutheri, na kofia ya chama juu yake. Akasema kwa utulivu, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza iliko zahanati yetu. Tawi letu ndilo kubwa, na tuliitaja kuwa ya kwanza."

Clavery hakumwangalia. "Katibu, tufuate utaratibu. Halmashauri inapokea kilichoandikwa. Azimio la tawi lenu linasemaje?"

Yule afisa akaomba daftari. Wifi yangu akalitoa kwenye mfuko wa nailoni, akalipeleka mbele kwa mikono miwili kama anavyopeleka sadaka. Kijana akafungua, akatabasamu, akasema, "Mama, una mwandiko mzuri sana." Akatafuta ile tarehe. Akasoma kwa sauti:

"Ajenda ya tatu. Zahanati. Mtia nia Clavery alikaribishwa. Kahawa ilitafunwa."

Akageuza ukurasa. Akaurudisha. "Halafu?"

Kokwijuka akamwonyesha kwa kidole mstari uleule.

"Mama, halafu? Azimio liko wapi?"

"Ndilo hilo," akasema Kokwijuka.

Yule kijana alimwangalia kwa huruma. Nadhani ile huruma ndiyo iliyouma zaidi. "Hapa hakuna azimio, mama. Hapa naona mlikula vitafunwa." Watu wa matawi mengine wakacheka. Siyo wote, lakini walitosha. Hata mmoja wa kijiji chetu alicheka, nimemwona, tukikutana kisimani tutaelewana.

Wifi yangu alimgeukia Clavery. Akaacha Kiswahili, akamwambia kwa Kinyambo, polepole: "Mwanangu, nusu ya buni yako ninayo tumboni mwangu."

Clavery alikuwa ameshika simu, anatelezesha kidole kana kwamba anatafuta kitu cha muhimu. Alijua. Mtu yule alijua kila kitu, alijua kuliko sisi. Alikataa karatasi kwa sababu alijua kwamba karatasi ya Kokwijuka ingesomwa mahali kama pale, na kahawa haiwezi kusomwa na mtu wa wilayani. Akasema, "Katibu, naomba tutumie lugha ya kikao. Ajenda inayofuata."

Nilitaka kurusha kiatu. Benjamin, kaka yangu, mtu asiyeongea, alinishika mkono akaubana mpaka ukafa ganzi. Kokwijuka alirudishiwa daftari lake, akalifunga kwenye mfuko, akaketi. Aliendelea kuandika kikao mpaka mwisho. Nimeona kurasa hizo. Hakuna herufi iliyotetemeka.

Sasa lile kopo la biskuti. Mle ndani kuna karatasi mbili za watu wawili waliotia sahihi kwamba wataezeka zahanati, mmoja na tarehe kabisa, na wote wawili tuliwanyima kura kwa sababu walikubali kutia sahihi kama wageni. Nikiwaza hilo nacheka peke yangu shambani, kicheko kibaya.

Mzee Sostenes aliitisha kikao cha tawi. Walikuja watu kumi na mmoja, wakati zamani walikuwa hawaenei kwenye mabenchi. Sostenes akasema tusifanye fujo, tusubiri, kahawa ina kazi yake, tumbo litavimba. Basi tunasubiri. Na kweli, tumbo la Clavery limevimba, ukimwona anashuka kwenye pikapu utaona linatangulia. Limevimba kwa nyama choma za mjini Kayanga. Anaendelea vizuri kabisa na anasalimia kila mtu.

Kokwijuka alipeleka mhuri wa tawi na daftari kwenye ofisi ya chama akaomba apumzike. Walimkatalia kwa maneno matamu, eti yeye ni hazina ya chama, eti nani mwingine ana mwandiko kama ule. Wakamrudishia vyote, na kofia mpya juu yake.

Halafu tofali zikaanza kuondoka. Wa kwanza alichukua chache tu za banda la kuku, na alitoa zake mwenyewe, zenye alama yake ya msalaba, hakugusa ya mtu. Wa pili alichukua za kujengea kaburi la baba yake. Sisi tulidhani Kokwijuka atapiga yowe. Alisimama uani kwake anaangalia, boma liko juu kidogo ya kibanja chao, kila kitu kinaonekana. Nikamwambia, "Wifi, twende tukawazuie, mdomo wangu bado upo." Akasema, "Ni zao. Niliwaomba mimi." Akarudi kwenye maharage yake.

Mimi tofali zangu za jani la mharagwe sijazichukua. Sijui kwa nini. Ubishi tu, nadhani.

Haya yote nayasema kwa sababu ya jana.

Binti yangu Joyness ana mimba ya miezi minane. Mumewe yuko Murongo, mpakani, anaendesha bodaboda za mizigo, anarudi mara moja kwa mwezi akiwahi. Mvua za Machi zimeanza, na njia ya bondeni ni ileile, mafunjo ni yaleyale. Nimetafuta chumba karibu na kituo cha afya nimekosa, watu tunaowajua kule hakuna. Mimi pikipiki siwezi, kiuno changu kilikwisha zamani, nitamwangusha binti yangu. Kwa hiyo jana asubuhi nilikwenda kwa Kokwijuka. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea, na kusema kweli sikutaka mwingine.

Nilimkuta sebuleni. Nikaketi pale alipokuwa ameketi Clavery, sikukumbuka mpaka nimeshaketi. Nikamwambia moja kwa moja, maana sisi hatuzungukani. "Wifi, siku ya Joyness ikifika, naomba wewe ndiye ukae nyuma yake."

Aligeuka akautazama mlango uliokuwa wazi. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilijua anachokiona, kwa kuwa nami nilikuwa nakiona, yale majani, lile jua.

"Nitakaa," akasema.

Nikanyoosha mkono kwenye kikapu cha kahawa, kipo palepale pembeni ya meza siku zote, nilitaka nichukue buni moja tuipasue, mimi na yeye, wifi na wifi, tumalize. Vidole vyangu vikashika kitu kigumu. Nikachungulia. Ndani ya kikapu mlikuwa na kalamu. Kalamu tatu na ule mhuri wa tawi. Hakuna hata punje.

"Kahawa iko wapi?"

"Niliwapa kuku."

"Umewapa kuku akamwani?"

Alivuta daftari, akachana karatasi katikati ambako haiharibu, akaanza kuandika. Nilidhani anaandika mambo yake ya chama. Alipomaliza akanisogezea nisome. Ilikuwa na ule mwandiko wake mzuri, imenyooka kama imepigwa rula: "Mimi Kokwijuka, mke wa Benjamin, nitamsindikiza Joyness, binti wa Vero, mpaka kituo cha afya, na sitamwacha njiani." Chini jina, sahihi, tarehe. Na mstari mwingine mtupu, wa kwangu.

Nilipandwa na hasira, nakwambia, niliinuka. "Kokwijuka! Miaka thelathini na kitu! Lini mimi nimekudai karatasi? Mimi? Mimi ni Clavery?"

"Weka sahihi, wifi."

"Siweki! Neno lako linanitosha!"

Hapo ndipo alipolia. Miaka saba sijaliona chozi la mwanamke huyu, hakulia bondeni, hakulia msibani, hakulia mbele ya ule ukumbi uliomcheka. Alilia bila sauti, uso haujakunjamana, maji yanashuka tu. Akasema, "Asiimwe naye nilimpa neno langu tu. Nilimwambia tutafika."

Nikakaa. Nikaichukua ile kalamu. Mwandiko wangu ni mbaya, jina langu lina herufi nne na zote zilikwenda upande. Akachukua mhuri wa tawi, akaupulizia pumzi, akaugonga katikati ya majina yetu mawili. Tukasubiri wino ukauke.

Karatasi ninayo hapa, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mvua haijakatika tangu jana. Nimesimama mlangoni kwangu na ninaliona boma lile juu, upande mmoja umeshabomolewa hadi kwenye dirisha, na ule mgomba wa chumba cha kuzalia umeinamia nje. Joyness ameniita sasa hivi kutoka ndani, anasema mgongo unamuuma. Nimemwambia ni kawaida, alale kidogo, na sasa natoka kwenda kwa wifi yangu kumwambia avae viatu.